Herufi Nne

Karani wa wakili, kule Kisutu, ameandika kwa Kiingereza
barua ya Bi Sikudhani binti Mwinyigogo,
karatasi mbili na muhuri uliovuja wino,
nami nalipwa elfu kumi na tano kwa kila ukurasa
niigeuze iwe Kitaliano, isomwe na ofisi ya pensheni, Bergamo.

Mstari wa tatu nimekwama.
Herufi nne tu. Sikudhani hulitamka leti.
Leti mume wangu, ndivyo ilivyo, neno kwa neno,
na mstari wa saba, leti tena:
michango ya mwaka ule ilifika leti.
Neno moja, kanzu mbili,
moja ya msibani, nyingine ya mtu aliyeachwa na kivuko.
Kiingereza hakina haya. Kinamwita maiti mchelewaji
kisha kinaendelea na chai yake.

Kitaliano changu nilikiokota jikoni, Tosamaganga,
nikiwamenyea mapadri viazi,
kwa hiyo najua maneno ya chumvi na moto
kuliko ya makaburini.
Naandika *defunto*. Baridi, kama sakafu ya Muhimbili.
Nafuta.
*Povero marito*, maskini mume wangu.
Huko watadhani anaomba msaada.
*Buonanima*, roho njema,
na hapo Sikudhani, juu ya stuli ya plastiki,
anayejipepea kwa risiti ya Luku, anaangua kicheko:
"Ottavio, roho njema? Muulize fundi Kombo anayemdai betri."

Namweleza basi kinachonisumbua.
Anatazama chini, Mtaa wa Jamhuri, pikipiki zinapigiana honi.
"Lakini alikuwa leti kweli," anasema.
"Siku ya harusi, Temeke, shehe kamaliza vikombe vitatu vya kahawa,
bwana harusi yuko Ubungo anafungua jenereta ya watu.
Futari ikipoa, wali ukipoa.
Hata kufa. Daktari alisema Jumanne,
yeye kafa Ijumaa."

Kwetu sisi ni rahisi, najisemea.
Marehemu, aliyerehemiwa.
Hayati: tumempa mfu jina la uhai
na hakuna aliyeshtuka.
Ila hakuna hata moja linalosema
kwamba mtu huyu alikuwa njiani.
Na chelewa ni njiti za ufagio
ulioegemea mlango wangu,
mlinzi pekee wa ofisi hii.

Kisha nakumbuka daftari kuukuu la padri,
majina ya baba zao wa kwao,
na mbele ya kila aliyetangulia, silabi moja: *fu*.
Maana yake, alikuwa.
Namwonyesha Sikudhani. Anaikodolea.
"Fu? Hiyo si mfu aliyekatwa kichwa?"

Nacheka mpaka natoa machozi, naye pia,
ingawa yake yanachelewa kukauka.
Najua ni bahati tu, lugha hizi mbili hazikuazimana kitu;
ni kama watu wawili wasiojuana
kukutana Kariakoo wamevaa kitenge kimoja.
Lakini nani huwapita watu hao bila kugeuka?

"Andika hiyo," anasema. "Na kuchelewa kwake?"
"Kumetoka. Kitaliano kina neno lake mbali, ni la mstari wa saba."
"Kwenye Kiingereza kumo."
"Kwa ajali."
"Basi nataka ajali hiyo hiyo."
Anatoa noti ya elfu mbili, ananyoosha kona zake,
anaiweka juu ya kibodi.
"Komeo la geti silifungi kabla ya saa tano," anasema,
kama mtu anayetaja namba ya nyumba.

Sikuichukua noti.
Niliandika *il fu*, nikaacha nafasi,
nafasi pana kuliko inavyotakiwa,
mtu mmoja angepita bila kuinamisha bega,
ndipo nikaandika *Ottavio*.

Huko Bergamo, afisa ataona kosa la mashine.
Atalisogeza.